Mtoto wa Siku Moja Naye Ni Mtu

Huku vilimani Nyamitaba, ndama akizaliwa dhaifu usiku wa baridi, mwenye ng'ombe halali. Atamfunika, atamnywesha, na kukicha atamtafuta mganga wa mifugo. Lakini mtoto wa mtu akizaliwa kabla ya miezi yake, mara nyingi twasema, "Huyu hatakaa." Twakimbilia maji ya ubatizo. Ni vema, tena ni wajibu. Lakini mbona hatukimbii vilevile kumtafutia joto, pumzi na dawa? Akifa, twasema ni mapenzi ya Mungu. Tusimsingizie Mungu uzembe wetu!

Tazameni hesabu. Mwaka 2022, duniani kote, watoto 2,300,000 hivi walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Katika Kongo yetu, uchunguzi wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 28 walikufa katika mwezi huo wa kwanza. Mambo matatu huwaua zaidi: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, na vijidudu vinavyoingia mwilini. Wengi wao wangeweza kuokolewa.

Wengine husema: "Nchi ya vita yahitaji waganga wa kawaida tu. Daktari bingwa wa watoto wachanga ni anasa ya Ulaya." Maneno ya namna hiyo si mapya. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Wenyeji walikuwa wamefundishwa kuwa wauguzi na wasaidizi wa waganga, basi. Leo vyuo vikuu vya Kikatoliki vya Butembo na Bukavu, vilivyoanzishwa vyote viwili mwaka 1989, hufundisha madaktari. Je, hiyo nayo ilikuwa anasa?

Wengine husema: "Kifua cha mama chatosha." Kweli, kifua cha mama ni dawa kubwa. Mwaka 1978, mjini Bogotá, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, kwa kuwa mashine za joto zilikuwa haba. Mwaka 2021 uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi 1.8 wakiwekwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao hupungua kwa robo. Lakini nani aliyetujulisha hayo? Ni waganga waliojitoa kwa kazi hiyo moja, wakapima, wakaandika. Tena oksijeni humwokoa njiti, nayo ikizidi yaweza kumpofusha. Hapo si mahali pa kubahatisha. Bingwa mmoja atawafundisha wauguzi na wakunga wengi, nao watawaokoa watoto ambao yeye mwenyewe hatawaona kamwe.

Na uchunguzi ufanywe kwetu pia. Milimani hewa ni nyepesi na usiku ni baridi. Vipimo vilivyowekwa penye tambarare huenda visitufae.

"Akiisha kusoma atatoroka," wasema wengine. Ndiyo, atatoroka, tukimpa chumba kinachovuja na mshahara wa ahadi! Basi tumchague daktari kijana wa kwetu, aweke ahadi ya kurudi. Jimbo limtafutie nafasi ya masomo, parokia zichange, watu wa Masisi wamjengee nyumba, na mwenye ng'ombe atoe ng'ombe. Makanisa yetu tuliyajenga kwa njia hiyohiyo.

Nanyi vijana mnaosomea uganga, mkumbukeni Mtakatifu Gianna Beretta Molla, aliyefariki mwaka 1962. Alikuwa mama wa watoto, tena daktari bingwa wa watoto. Sala haikumzuia kusoma, wala masomo hayakumzuia kusali.

Bwana wetu mwenyewe alikubali kuwa mtoto wa siku moja, akakosa nafasi katika nyumba za watu. Sisi tunaopiga magoti mbele ya pango kila Noeli, tuwape nafasi hawa wanaozaliwa kwetu. Shauri hili lisingoje vita viishe, maana watoto hawangoji.