Wageni wa mvua ya kwanza

Mvua imerudi Lubumbashi na inswa wameanza kutoka ardhini. Siyo sisi peke yetu wenye kuwangojea. Siku ya posho iliyopita, saa kumi na mbili ya asubuhi, tulienda pamoja na watoto kandokando ya mto Kafubu. Mwalimu mmoja wa biolojia alituongoza kuangalia ndege wanaofika kwetu majira haya.

Mbayuwayu walikuwa wamejipanga juu ya waya wa umeme. Kumbe wengi wao wanazaliwa Ulaya! Baridi ikianza kule wadudu wanapungua, nao wanaondoka, wanavuka bahari na jangwa la Sahara. Na mwili mzima ni gramu 20 hivi. Mwaka 1911, huko Uingereza, mbayuwayu mmoja alifungwa pete mguuni. Desemba 1912 akakamatwa Afrika Kusini akiwa na pete yake. Ndivyo watu walivyopata uhakika wa safari hiyo. Mwezi wa tatu na wa nne wanarudi kwao kuzaa.

Halafu ikaja habari ya manati. Tusiwagombeze watoto bure: nyumba nyingi hazina mboga kila siku, na mtoto mwenye kuleta ndege anaona amesaidia mama yake. Lakini gramu 20, toa manyoya, toa mifupa, itabaki nini kwenye sahani? Akiwa hai, mbayuwayu anashinda angani akikamata nzi na wadudu wengine. Korongo nao wanaokota viwavi na panzi katika mashamba yetu.

Mama mmoja akauliza: dawa tunayopuliza shambani, haiwaui? Inaweza kuwaua, maana wanakula mdudu aliyekwisha kupata dawa. Hapo tulinyamaza kidogo, kwa sababu sisi pia tunakula inswa na viwavi. Basi tukapatana: kinachookotwa penye dawa kisiingie katika sufuria, hata kama watoto wamekwisha kujaza beseni.

Siku ya posho inayokuja tunarudi, saa ileile, mbele ya jua kuwa kali. Vitenge vyenye rangi kali tuviache nyumbani, vinaogopesha ndege. Watoto wadogo washikwe mkono karibu na maji. Darubini si lazima. Mwenye kuja na manati ataiweka katika kikapu cha mama prezidenti mpaka turudi.