Mikumi na watoto: uliza choo kabla ya kuuliza bei

Kila likizo inapokaribia, simu yangu hujaa swali moja: "Dada, tunawapeleka watoto Mikumi, tulale wapi?" Wengi huambatanisha picha za bwawa la kuogelea, za kitanda chenye taulo zilizokunjwa kama bata, za jua linalozama. Nami huwajibu kwa swali: mtoto wako mdogo ana miaka mingapi, na usiku huamka mara ngapi?

Swali hilo nililipia ada. Safari yetu ya kwanza tulikuwa watano, kitindamimba akiwa na miaka minne. Tulichukua hema ndani ya hifadhi kwa sababu ya picha hizo hizo. Mchana ilikuwa raha tupu: twiga, pundamilia, viboko bwawani. Saa 8 usiku mtoto akaamka. "Mama, kojo." Choo kilikuwa hatua kama 40 nyuma ya mahema, uzio hakuna, na huko nje kuna kitu kikubwa kinavunja matawi. Tembo. Jioni tulikuwa tumeonywa kwamba mtu asitoke bila kumwita mlinzi kwa tochi. Tukamulika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mlinzi hakutokea. Baba yao akataka kutoka naye, eti ni hatua chache tu. Nilimshika shati. Tulimaliza shida kwenye kopo la biskuti. Mtoto akarudi kulala, mimi nikakesha hadi alfajiri.

Tembo simlaumu, pale ni kwake. Kosa lilikuwa letu, hatukuuliza choo kiko wapi.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwenye watoto wa chini ya miaka sita namshauri alale mji mdogo wa Mikumi, nje ya hifadhi, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa. Kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida, choo kiko chumbani, duka la dawa liko karibu, na mtoto akikataa chakula cha hotelini unampatia chipsi barabarani. Hasara yake ni asubuhi. Lango hufunguliwa asubuhi na mapema, na saa hizo za mwanzo, kabla jua halijawa kali, ndizo nzuri za kumwona simba. Kutoka mjini hadi langoni ni kilomita 20 na ushei, kwa hiyo mtaamka saa 11 alfajiri, watoto wakinuna. Tena ulizeni mapema kama mkitoka kulala nje, kesho yake mtalipa kiingilio upya. Wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio.

Walio na watoto wakubwa, lala ndani, hata usiku mmoja. Si lazima hoteli ya gharama. TANAPA wana mabanda yao mle ndani, na hosteli kwa makundi ya wanafunzi. Kumbuka tu malazi hulipiwa mbali na kiingilio.

Popote mtakapolala, piga simu, usiishie kwenye picha. Uliza chakula cha jioni kinaanza saa ngapi. Kikianza saa 2 usiku, wanao watakuwa wameshalala na njaa. Uliza chandarua. Mikumi ni joto na malaria ipo. Mimi hubeba changu, pamoja na sindano na uzi, maana nimeshalala chini ya chandarua chenye matundu ya kupitisha ngumi.

Na msipange kufika usiku. Barabara hiyo inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, malori ni mengi na wanyama wanavuka.

Mwaka huu tunarudi. Kitindamimba sasa ana miaka tisa na anataka hema, hataki kusikia habari za mjini. Nimepiga simu: choo kimo humo humo ndani ya hema. Nikauliza mlinzi wa usiku anakaa wapi na anaitwaje mtu akiwa na shida. Binti aliyepokea alicheka, akasema wageni huwa wanauliza Wi-Fi. Nimelipia usiku mmoja. Wa pili tutalala mjini.