Ubaya wa Kungoja Kesho

Hakuna neno lililo jepesi kutamka kuliko neno "kesho." Mtoto hulisema akiulizwa habari za hesabu zake, baba hulisema juu ya paa linalovuja, na mzee hulisema juu ya shamba lake. Wala mwenye kulisema hakusudii kudanganya. Huamini moyoni mwake ya kuwa kesho atakuwa na nafasi zaidi, na nguvu zaidi, na hamu zaidi kuliko leo. Lakini kesho ikifika huwa ni leo, nayo huja na shughuli zake yenyewe, na ile kazi iliyowekwa husukumwa mbele tena. Hivyo siku hupita, miezi hupita, na nia njema hubaki kuwa nia tu.

Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye kuahirisha kazi ni mvivu. Si hivyo sikuzote. Mtazameni mwanafunzi aliyeambiwa aandike insha jioni. Kwanza huchonga kalamu yake, kisha hufagia chumba, kisha huenda kuteka maji ambayo hakutumwa, kisha hupanga vitabu vyake vizuri mezani. Hata giza likiingia amefanya kazi nyingi, lakini insha haijaandikwa hata mstari mmoja. Mtu wa namna hiyo hakosi nguvu. Anaikimbia kazi moja kwa kujificha nyuma ya kazi nyingine. Kumwita mvivu hakumponyi, bali yafaa kujua ni kitu gani anachokikimbia.

Mara nyingi anachokikimbia ni ukubwa wa kazi yenyewe. Kazi kubwa ambayo mwanzo wake hauonekani humtisha mtu. Asemaye, "Nitalitengeneza shamba lote," hajui aanzie wapi. Asemaye, "Nitakuwa hodari wa hesabu," hajui afanye nini jioni hii. Basi hungoja siku moja kubwa, yenye nafasi ya kutosha na nguvu za kutosha, apate kuimaliza kazi yote kwa mara moja. Siku hiyo haiji.

Wenyeji wa Bukoba na Muleba wana mfano wa jambo hili karibu na milango yao, yaani katika kibanja. Kila mtu wa huko ajua ya kuwa kibanja si shamba la msimu mmoja. Migomba huizunguka nyumba, na katikati yake husimama mibuni, na chini yake hupandwa maharage. Kibanja hutoka kwa babu kwenda kwa baba, na kwa baba kwenda kwa mwana. Hakikustawi kwa kazi ya siku moja yenye kishindo. Kilistawi kwa sababu watu walikwenda rweya kukata majani na kuyaleta kichwani, mzigo baada ya mzigo, wakayatandaza chini ya migomba. Walipunguza machipukizi, wakaondoa majani makavu, wakamwaga samadi ya ng'ombe. Kazi hizo ni ndogo ndogo, lakini hazina mwisho. Mwenye kuziacha mwaka mmoja huona mikungu imekuwa midogo, na mwenye kuziacha miaka mingi humrithisha mwanawe udongo uliochoka.

Mwaka 2006 adui mpya alionekana katika Wilaya ya Muleba, naye ni ugonjwa wa migomba uitwao mnyauko. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vya bakteria, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ulikuwa umekwisha kuonekana katika nchi ya Uganda mwaka 2001. Majani ya mgomba ulioshikwa hugeuka rangi ya manjano na kulegea. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizipasua ndani waziona zimeharibika. Nalo shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano kama usaha. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kushikwa. Wadudu hubeba ugonjwa wanapotembelea ua dume, yaani lile ua lining'inialo mwisho wa mkungu. Na mtu mwenyewe huubeba kwa panga lake, anapokata mgomba mgonjwa kisha akakata mzima bila kulisafisha, au anapochukua machipukizi ya shamba lenye ugonjwa na kuyapanda kwake.

Hapo ndipo ubaya wa kungoja ulipodhihirika. Fikirini majirani wawili, kila mmoja akiwa ameona mgomba mmoja umenyauka kibanjani mwake. Wa kwanza aukata siku ile ile, kisha alipitisha panga lake motoni. Wa pili asema, "Leo nina safari ya sokoni. Tena ni mmoja tu. Nitautazama tena Jumamosi." Jumamosi mvua yanyesha. Jumamosi ya pili pana msiba kwa jirani, na kwenda msibani ni wajibu. Sababu zake zote ni za kweli, wala hakuna awezaye kumlaumu kwa hata moja. Lakini ugonjwa haujui kuahirisha. Wakati yeye anangoja nafasi, wadudu wanaruka, na panga linapita kutoka mgomba hata mgomba. Siku apatapo nafasi, kazi yake si ya mgomba mmoja tena, bali ya migomba mingi. Na kwa kuwa imekuwa kubwa, inamtisha zaidi, naye aiahirisha zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini katika habari ya ugonjwa huu limo na funzo la pili, nalo lawahusu hata wale wasiolima. Hapo mwanzo wakulima waliagizwa kung'oa shina zima pamoja na migomba yake yote na machipukizi yake, na kuyafukia. Agizo hilo lilikuwa na maana yake, lakini kazi ilikuwa nzito mno. Shina la mgomba lina mizizi mingi, na mtu mmoja mwenye jembe huchoka kabla ya kumaliza mashina machache. Wakulima wengi, katika nchi mbalimbali zilizoshikwa na ugonjwa huu, waliiogopa kazi hiyo wakaiacha, na ugonjwa ukaendelea.

Baadaye wataalamu walitambua ya kuwa mgomba mmoja ukishikwa, ndugu zake wa shina lile lile si lazima wote washikwe. Basi wakatoa shauri jepesi zaidi: mkulima akague kibanja chake mara kwa mara, kila juma, na kila mgomba atakaouona mgonjwa aukate usawa wa ardhi, huo mmoja tu. Tena aondoe ua dume mapema, mara kichana cha mwisho kinapokwisha kutokeza, kwa kulivunja na mti wenye panda wala si kwa kisu. Na kila chombo cha kukatia akisafishe kwa moto au kwa dawa ya klorini. Kazi ya kila juma ni ndogo hata mtoto wa shule aweza kumsaidia mzazi wake. Sharti lake kubwa ni kwamba isikatizwe. Kwa njia hiyo mashamba mengi yaliyofuata shauri hili bila kuchoka yalipata nafuu. Kazi kubwa iliyoahirishwa haikuokoa mgomba hata mmoja, na kazi ndogo iliyorudiwa iliokoa kibanja.

Ndivyo ilivyo kwa kila kusudi la mtu. Kusudi lililo kubwa na lisilo na kipimo halina tofauti na ndoto. Mwanafunzi asemaye, "Nataka kufaulu mtihani wa darasa la saba," amenena vema, lakini hajaanza bado. Yampasa aikate kazi hiyo vipande vidogo, kama mkulima anavyoukata mgomba mmoja mgonjwa, na kukipa kila kipande siku yake na saa yake. Aseme, "Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kabla ya chakula, nitafanya hesabu tano." Neno hili si la fahari, wala hakuna atakayelisifu, lakini lina mwanzo na lina mwisho. Jioni ikifika hana haja ya kujiuliza kama ana hamu au hana. Mkulima hakiulizi kibanja chake kama kina hamu ya kupaliliwa. Tena, mara nyingi hamu haitangulii kazi, bali huifuata. Aliyekwisha kufanya hesabu ya kwanza huona ya pili si ngumu kama alivyodhani.

Tena yafaa awe na mtu wa kumwona. Wanafunzi wawili waliopatana kuonyeshana daftari zao kila asubuhi kabla ya kengele huona haya kuja mikono mitupu. Vilevile majirani wapatanao kukagua vibanja vyao siku moja kwa pamoja humshinda yule atakaye kupigana na mnyauko peke yake, maana kibanja kimoja kilichoachwa huleta ugonjwa kwa wote walio jirani.

Labda mtu atajibu, "Je, wazee hawakusema ya kuwa haraka haraka haina baraka, na ya kuwa subira yavuta heri?" Walisema, nao walisema kweli. Lakini subira na kuahirisha ni vitu viwili, ingawa vyote viwili huonekana kama kungoja. Mwenye subira hungoja baada ya kutenda lililo lake, na mwenye kuahirisha hungoja kabla ya kutenda. Mkulima aliyepanda mbuni hungoja miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchuma kahawa yake, na kungoja huko ni kwema, maana mche umo ardhini unakua. Asiyepanda naye hungoja miaka ile ile, lakini hana anachokingoja.

Mfano wa subira ya kweli ni mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, katika ziwa lile lile linaloipiga pwani ya Bukoba. Alizaliwa mwaka 1896, naye katika ujana wake alisoma katika seminari ya Rubya, ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba. Kitereza alitaka desturi za Wakerewe zisisahauliwe, akatunga kwa lugha ya Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, na ya watoto wao. Aliimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapaji. Angaliweza kusema tangu mwanzo, "Nani atakichapa kitabu cha lugha ya kisiwa kidogo? Na nipate mchapaji kwanza, ndipo nitaandika." Kama angalisema hivyo, pasingalikuwa na kitabu hata leo. Lakini yeye aliandika, kisha akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka 30 ilipita ndipo ilipochapishwa, nayo ilitoka katika juzuu mbili. Naye mwenyewe alifariki mwaka 1981. Mambo ya uchapaji hayakuwa katika uwezo wake, nayo aliyangoja. Kuandika kulikuwa katika uwezo wake, nako hakukuahirisha. Wala hakuna mtu aandikaye kitabu cha namna hiyo kwa siku moja. Huandikwa ukurasa baada ya ukurasa.

Jambo moja limesalia, nalo huwaangusha wengi walioanza vizuri. Mtu huweka kusudi lake, hulishika siku sita, na siku ya saba huugua, au hufikiwa na wageni, au husahau tu. Ndipo husema, "Nimekwisha kuharibu. Nitaanza upya Januari." Huko ni kuahirisha kule kule, ila kumevaa nguo za majuto. Mkulima aliyekosa kukagua kibanja chake juma moja haachi mpaka mwaka mpya, bali hukikagua kesho yake asubuhi, kwa kuwa ajua ya kuwa juma moja la kukosa lina hasara ndogo, na majuma mawili yana hasara kubwa. Kadhalika mwanafunzi aliyekosa jioni moja asijiadhibu kwa kutaka kufanya hesabu hamsini jioni ifuatayo, maana mzigo huo utamshinda, naye ataikimbia tena. Afanye tano zake kama kawaida.

Watoto wa Bukoba na Muleba hawahitaji kufundishwa maana ya wakati. Msimu wa senene ukifika, hakuna mtoto asemaye, "Nitawakamata kesho." Wote hutoka siku ile ile, maana wajua ya kuwa senene huja kwa majira yao na kuondoka. Miaka ya shule nayo ina majira yake, na kibanja cha baba kina majira yake, navyo havimngoji mtu. Mwenye kazi iliyolala na atafute leo kipande chake kilicho kidogo, akifanye kabla jua halijatua. Na kesho akifanye kingine. Haba na haba hujaza kibaba.