Kompyuta za safari: Wenye mitaji midogo waangalie kizazi, si wembamba

Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, mfanyabiashara wa hapa anaweza kwenda Dar es Salaam asubuhi na kurudi jioni hiyo hiyo. Zabuni za serikali nazo zinapitia mfumo wa NeST tangu 2023, na ufuta na mbaazi za stakabadhi ghalani zimekuwa zikinadiwa kwa mtandao kupitia TMX. Katika hali hiyo kompyuta mpakato ni chombo cha kazi kama mzani pale soko la mahindi la Kibaigwa. Kinachosikitisha ni jinsi wenzetu wanavyoinunua: ikiwa nyembamba, inang'aa na bei inashikika, basi biashara imekwisha.

Uzito una maana, hatukatai. Anayeshuka stesheni na kuunganisha basi la Singida hataki mzigo wa kilo 2 na ushee. Lakini kilo 1.2 hadi 1.4 zinatosha. Chini ya hapo mnunuzi hulipia gramu chache kwa fedha nyingi, na mara nyingi matundu ndiyo hupunguzwa, hata flashi ya mteja ikakosa pa kuingia.

Ukurasa huu unaona mitumba ya maofisi ya Ulaya na Marekani, yaani ThinkPad, Latitude, EliteBook na mfano wake, ni afadhali kuliko mashine mpya ya bei ya chini yenye kumbukumbu ya GB 4 isiyoongezeka. Tatizo ni kwamba mitumba hiyo ina mtego. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, rasmi inadai prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, ukiacha chache sana. Kwa hiyo mashine yenye i5-6300U na yenye i5-8350U zinaweza kufanana kwa sura na kwa uzito, lakini si bidhaa moja. Katika hizi mbili, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Muuzaji atakuambia zote ni i5, sawa na kukuambia yote ni mahindi bila kutaja unyevu.

Ya kizazi cha 6, hata kwa nusu bei, ni ghali kwa mtu anayefungulia humo akaunti ya benki na nyaraka za zabuni. Wapo mafundi wanaoingiza Windows 11 kwa mlango wa nyuma. Microsoft haiahidi kuipatia mashine hiyo masahihisho ya usalama.

Kabla ya kutoa fedha, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki. Chini ya asilimia 70, dai punguzo au betri nyingine. Chagua inayochajiwa kwa USB-C, ili chaja moja ihudumie na simu. Sikiliza feni pia, maana vumbi la kiangazi cha nyanda hizi halina huruma, na washa skrini nje juani, si ndani ya duka.

La mwisho ni risiti ya EFD, ambayo wengi huiachia dukani ili wapunguziwe. Kwa anayetengeneza hesabu, kompyuta iko daraja la 1 la uchakavu kwa kodi ya mapato, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Tuseme umenunua kwa Sh 1,200,000: mwaka wa kwanza unaondoa Sh 450,000 katika faida inayotozwa kodi, wa pili Sh 281,250. Bila risiti, punguzo la muuzaji lapaswa kuwa kubwa kweli kuifidia kodi hiyo, na dhamana ya mashine huna.