Bibi Asiwekwe Mwisho wa Safari

Wengi wetu tukirudi nyumbani na watoto hupanga hivi: tuzunguke kwanza, kwa wazee tumalizie. Nami Agosti iliyopita nilipanga hivyo hivyo. Mimi na binti yangu wa miaka 16, kila mtu na shanta lake mgongoni, basi kutoka Mwanza hadi Dodoma, treni hadi Dar, boti hadi Unguja, siku tatu kwa mama yangu, kisha ndege ya kurudi Leeds. Kwenye karatasi ilipendeza.

Kabla ya Igunga basi likaharibika giaboksi. Tulikaa chini ya mti mpaka usiku. Binti yangu alimenya karanga na mama mmoja aliyekuwa akienda Singida, wakaongea saa nzima. Kile Kiswahili ambacho mimi na mama yake tumekigombania nyumbani miaka yote, siku ile kilipata kazi. Lakini Dodoma tuliingia asubuhi ya pili, treni yetu imeshaondoka, na nafasi zilizobaki zilikuwa za kesho yake.

Treni yenyewe sina la kuilaumu. Reli ya zamani ya Wajerumani ilifika Kigoma 1914 na bado ipo; hii mpya ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, na hadi Dar ni muda wa saa tatu na nusu hivi. Milima ya Uluguru nimesimuliwa na mtoto, mimi nililala.

Kutoka stesheni ya Dar hadi kwenye boti ni karibu. Pale dirishani nauli ni mbili, ya wenyeji na ya wageni, na ya wageni ni kubwa. Mimi nina pasipoti ya Tanzania, yeye ana ya Uingereza. (Wenye watoto kama wangu, ulizeni mapema pia habari ya bima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024.) Alizitazama tiketi zote mbili, akanyamaza. Bahari ilikuwa na kusi, lakini kwenda Unguja kusi hukusukuma. Kurudi Dar ndipo boti inapogonga, na hapo kaeni chini, upande wa nyuma. Tulipoipita Chumbe akauliza, "Baba, na kwa bibi mimi ni mgeni?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nahesabu siku. Zile tatu zilikuwa zimebaki mbili, na mama hajamwona mjukuu wake kwa miaka tisa. Njia ya nchi kavu ikichelewa, haipunguzi siku za Mwanza ulizokwisha kula. Hupunguza za mwisho, na mwisho ndipo nilipomweka mama. Mwakani tutaanzia kwake, mabasi yafuate, na usiku mmoja wa akiba kabla ya ndege.

Mama alikuwa mlangoni. Hakutuuliza habari za njiani.

"Jana nilikupikieni mkate wa kumimina," alisema. "Majirani wameshaumaliza."

Kisha akamgeukia binti yangu, hata shanta hajalitua. "Njoo jikoni mwanangu, ukanichujie tui. Mchele nimesharoweka."