ZANA ZETU ZISILALE NJE



Wahenga walisema jembe halimtupi mkulima. Ni kweli. Lakini sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tunaona mkulima ndiye anayelitupa jembe. Plau imeachwa shambani tangu siku ya kupanda, majembe yameegemezwa kwenye zizi, mnyororo wa ng'ombe umezama kwenye matope. Halafu mkutano ukiitwa tunasikia: tuletewe zana za mkopo! Je, na mkopo huo nao tuulaze nje?

Zamani huku kwetu jembe lilikuwa mali. Mafundi Warongo wa upande wa Geita waliyafua majembe, na Wasukuma waliyatoa hata kwenye mahari. Nani angeacha mahari yake kwenye umande? Leo jembe linatoka dukani, basi tumelidharau.

Mvua zetu ni za msimu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye plau iliyoganda kwa kutu anahangaika kumtafuta fundi wakati jirani yake anapanda. Pamba na mahindi ya kuchelewa tunayajua. Njaa ya nyumba inaanzia hapo, siyo mawinguni peke yake.

Dawa yake haitaki hela nyingi:

1. Jembe, panga na sururu vikwanguliwe udongo, vikauke, vipakwe oili chafu ya mashine au ya pikipiki kwa tambara. Kutu inaletwa na maji na hewa, mafuta yanaizuia.

2. Gonga misumari miwili miwili kwenye ubao chini ya upenu. Chuma kikae juu, mpini uning'inie bila kugusa ardhi, maana mchwa hupandia huko. Asiye na misumari afunge vipande vya mpira wa baiskeli kuukuu kwenye pau.

3. Plau ioshwe, ipakwe oili, iinuliwe juu ya mawe. Nati ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko. Nira na kamba za ngozi zitundikwe juu, panya na mbwa wasizifikie.

4. Bomba la dawa ya pamba lisuuzwe mara tatu huko huko shambani, mbali na kisima, kisha liinamishwe likauke. Lisikae na chakula. Dawa yenyewe ifungiwe kwa kufuli. Na vijana mnaotoka machimboni na zebaki kwenye chupa ya soda, nyumbani siyo mahali pake. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda.

Wapo wanaosema vitu vya upenuni vitaibiwa. Jamani, kilicholala shambani si ndicho kinachoibiwa kwanza? Mwenye wasiwasi atundike ndani.

Maoni yetu ni kwamba plau ya ushirika iwe na daftari. Anayeazima aandike jina, siku, na hali aliyoikuta. Akirudisha chafu, asiazimwe tena mpaka aioshe. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua kalamu nayo ni zana. Na kazi ya kukwangua wasiachiwe kina mama peke yao, ambao jembe wanalishika kutwa. Baba naye ashike tambara.

Mkopo tutauomba, lakini tuombe tukiwa na mahali pa kuuweka.

Katibu wa Tawi