Nani Alisema Kiswahili Hakijui Bayolojia?

Muhula uliopita nilipendekeza chama chetu kiwe na siku ya kuzungumzia Bayolojia kwa Kiswahili. Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Wewe! Kiswahili ni cha methali na mashairi. Mambo ya seli waachie Wazungu." Nilinyamaza, lakini sikukubali, na hadi leo sikubali.

Jioni hiyo nilimkuta mama akikatakata sukuma wiki. (Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati hiyo, jioni tuko jikoni.) Akaniuliza tumesoma nini. Nikachukua jani moja.

Nikamwambia kwamba ndani ya seli za jani mna vijumba vya kijani viitwavyo kloroplasti, na humo ndimo mmea hujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Watu hudhani jiko hilo linajitosheleza. Wapi! Linahitaji protini aina 2,000 hadi 3,000, na lenyewe huunda kama 80 tu. Zilizobaki huundwa nje yake, kwa maagizo ya kiini cha seli.

"Sasa zinajuaje njia?" mama akauliza.

Swali hilo si mchezo. Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba anwani yake yenyewe. Ni kama katoni unayomtumia nyanya mashambani kwa basi, jina limeandikwa juu. Protini ya kloroplasti huwa na anwani hiyo kwenye ncha ya mbele. Kloroplasti imezungushiwa utando mara mbili, na kila utando una lango. Protini haipiti hapo ikiwa imejikunja; hunyooka kama uzi katika tundu la sindano, ikivutwa. Ikishaingia, anwani hukatwa, nayo hujikunja na kuanza kazi. Nyingine bado ziko safarini, maana zina anwani ya pili ya kuingia katika vifuko vinavyonasa mwanga. Huko kuna lango moja la ajabu: hupitisha protini ikiwa imekwisha kujikunja!

Tena kuna Rubisko, protini inayonasa hewa ya kaboni. Ina vipande 16: vikubwa 8 huundwa mle ndani, vidogo 8 hutoka nje. Lango likikwama, hakuna Rubisko, na sukuma wiki hakuna.

"Kumbe hata jani huagizia vitu," mama akasema. Yeye aliishia darasa la nane. Mimi niliyasoma hayo kwa Kiingereza katika kitabu cha kaka yangu aliye chuoni, nikakariri, wala sikuwahi kujiuliza njia hujulikanaje.

Kweli, maneno mengine yalinipiga chenga. "Lango" sikulitoa kamusini, nililipata palepale jikoni. Lakini pendekezo langu liko palepale. Mkutano wa kwanza muhula ujao nitakuja na jani la sukuma wiki. Aliyecheka naye aje, tuulizane maswali.